Tunataka kumchukua mtoto wa makao: tuanzie wapi?

SWALI

Shikamoo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Morogoro, nina miaka 38. Mume wangu ana duka la vipuri vya pikipiki. Tuna watoto wawili, wa kike wa miaka 12 na wa kiume wa miaka 7. Mwaka jana kabla ya Krismasi tulikwenda na wenzetu wa jumuiya kupeleka sukari, mchele na sabuni kwenye makao ya watoto. Kuna mtoto wa kiume, nakadiria miaka mitano, alinishika kanga tangu tunaingia mpaka tunatoka. Tulipoaga hakulia, alikwenda kumshika mgeni mwingine. Msimamizi alisema wengi pale wanahitaji familia, na kwamba tukitaka tunaweza kuongea. Tangu siku hiyo sina amani. Mume wangu yuko tayari ila ana wasiwasi na kipato. Mama mkwe anasema damu usiyoijua huiweki ndani. Mimi ninachoogopa ni kimoja: tumpende, watoto wamzoee, halafu ndugu zake waje wamchukue. Je, tunafaa? Na tuanzie wapi?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Mnafaa kufikiriwa, na mumeo asijitese sana na kipato, nitafika huko. Ila umelianza swali kwa mtoto, na ofisi ya ustawi wa jamii hailianzi huko. Katika miaka yote niliyokuwa afisa ustawi wa jamii, familia zilizonitoa jasho ni zile zilizofika zikiwa zimeshachagua mtoto na jina zimeshampa. Kila nilichowaambia baada ya hapo walikisikia kama pingamizi.

Tuanze na ile kanga, maana ndiyo iliyokuondolea amani. Mtoto wa miaka mitano aliyekulia mikononi mwa mtu mmoja anamwogopa mgeni kwanza. Atajificha nyuma ya mama, atachungulia, baada ya nusu saa labda atakubali biskuti. Mtoto anayemkimbilia kila anayeingia getini amekwisha kujifunza kwamba watu wazima huja na kuondoka, na kwamba anayewahi kushika ndiye anayepata. Wageni husema, "Mtoto huyu amenipenda." Hakukupenda, hakujui. Wewe mwenyewe uliona alivyofanya mlipoaga. Simaanishi kwamba kilichokugusa ni cha uongo. Kilichokugusa ni njaa ya mtu wa kudumu, na njaa hiyo anayo yeye, wanayo na wale waliokaa pembeni kimya wasikusogelee kabisa. Hao wa pembeni ndio walionisumbua mimi zaidi.

Jambo hili limepimwa, si hisia za mama mstaafu. Utawala wa dikteta Ceaușescu ulipoanguka Romania mwaka 1989, dunia iligundua kwamba nchi ile ilikuwa na watoto zaidi ya 100,000 katika nyumba za serikali. Miaka kama kumi na moja baadaye, watafiti wa Marekani Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza kuwafuatilia watoto 136 wa nyumba hizo jijini Bucharest, wote wakiwa na umri wa kati ya miezi 6 na 31. Kwa kura, nusu wakapelekwa kwenye familia za kambo, yaani za kumlea mtoto wa wengine bila kuwa wazazi wake kisheria, ambazo ilibidi zitafutwe na kufundishwa karibu kuanzia mwanzo kwa sababu jiji lilikuwa halina. Nusu nyingine waliendelea na huduma ya kawaida, na aliyepatiwa familia kwa njia nyingine hakuzuiwa kwenda. Waliopata familia walisonga mbele kwa akili, na kwa uwezo wa kushikamana na mtu mmoja na kutulizwa naye. Waliohamishwa kabla ya takriban miaka miwili walifaidika kuliko wote.

Makao yetu mengi hayafanani na yale ya Romania. Nimewajua mama walezi wanaolala na watoto chumba kimoja na kutoa fedha yao ya vocha kununulia dawa ya kifua. Lakini mama mlezi ana zamu, ana likizo, na siku akipata kazi nyingine anaondoka. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuwa ameshapitia mikono ya walezi wengi kiasi kwamba hata majina hawakumbuki. Hilo huwezi kulitibu kwa kuongeza vitanda wala kupaka rangi ukuta.

Sasa swali ambalo ofisi italiuliza kabla yako: mtoto huyu ana nani?

Watu wengi wanadhani watoto wa makao ni yatima wa baba na mama. Tafiti za nchi nyingi zimeonyesha kinyume: wengi wana mzazi mmoja angalau aliye hai, na karibu wote wana ndugu mahali fulani. Ngoja nikueleze wanavyofika. Mama amefariki akijifungua, baba hajui kichanga wa siku tatu anapewaje maziwa, mtu anamshauri ampeleke makao "kwa muda." Bibi aliyeko kijijini hakuulizwa. Baba anakuja kila mwezi, halafu kila baada ya miezi mitatu, halafu anaoa, halafu haonekani. Muda ule umekuwa miaka sita. Mwingine mama yake ni mgonjwa wa akili anayetangatanga stendi. Mwingine ana ulemavu na familia iliambiwa huko kuna mazoezi ya viungo. Mwingine alipelekwa kwa sababu makao yana shule nzuri kuliko ya kijijini, basi. Na wapo waliookotwa kweli, kwenye shamba la miwa au mlango wa kanisa, bila hata jina.

Kwa hiyo afisa ustawi wa jamii anatakiwa kufuatilia ndugu kabla ya kukutazama wewe: kwa watendaji wa vijiji na mitaa, polisi, misikitini na makanisani, wakati mwingine kwa tangazo la redio. Kazi hii inafanywa kwa kusuasua kwa sababu maafisa ni wachache na pikipiki ya idara haina mafuta. Nasema hivi kwa kuwa nimeiendesha. Lakini pale inapofanywa vizuri, mara nyingi familia anayoihitaji mtoto inakuwa ni yake mwenyewe, ikisaidiwa maziwa ya kopo, mtaji wa genge na mtu wa kumtembelea bibi kila mwezi. Ukiambiwa kwamba mtoto yule wa kanga shangazi yake amepatikana Kilosa, usihesabu kwamba mmenyimwa.

Wanaobaki baada ya hapo ndio wanaokuhitaji, na wanakuhitaji kwa namna tatu tofauti ambazo watu huzichanganya.

Namna ya kwanza haijulikani sana: familia ya kuaminika. Hii ni familia iliyochunguzwa mapema na kuandikishwa, ili mtoto akikutwa usiku anatangatanga, au akiokolewa na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi kutoka nyumba anakopigwa, apate pa kulala usiku huohuo pasipo kuwa kituo cha polisi. Anakaa siku, wiki, pengine miezi, wakati ofisi inatafuta ufumbuzi. Tunazihitaji familia hizi kila halmashauri na haziko za kutosha popote nilipofanya kazi.

Ya pili ni malezi ya kambo. Mtoto anaishi kwenu kwa muda mrefu zaidi, kwa kibali cha Kamishna wa Ustawi wa Jamii na chini ya uangalizi wa afisa wa halmashauri yenu. Mnamlisha, mnamsomesha, mnamtibu, lakini hamjawa wazazi wake kisheria. Wazazi wake kama wapo wanabaki kuwa wazazi, na kurudi kwao ni jambo linalotarajiwa pale hali ikiruhusu.

Ya tatu ni kuasili. Hapa mahakama inahamisha haki na wajibu wote wa mzazi kuja kwenu moja kwa moja. Mtoto anakuwa kama mliyemzaa, mpaka kwenye urithi. Kwa Tanzania Bara hili limo katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na maombi ya wasio ndugu husikilizwa Mahakama Kuu. Mwombaji awe ametimiza miaka 25 na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Kwa hiyo wewe na miaka yako 38 kwa mtoto wa miaka mitano huna tatizo. Wanandoa huomba pamoja. Mwanamume anayeomba peke yake kumwasili mtoto wa kike atakutana na ugumu mkubwa, na sioni ubaya wake. Mgeni asiye raia anatakiwa awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo. Mtoto huishi kwanza kwenu katika malezi ya kambo, afisa akitembelea na kuandika taarifa, ndipo shauri linasikilizwa. Amri ikitoka, RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wanaiingiza katika daftari la watoto walioasiliwa.

Wasomaji wangu Waislamu hunitumia swali hapa kila mara, hivyo ngoja nilijibu kabisa. Zanzibar ina Sheria ya Watoto Na. 6 ya mwaka 2011, nayo inatambua kafala: unamlea mtoto kwa ukamilifu, lakini nasaba yake haibadiliki, anabaki na jina la ukoo wake, na ukitaka apate kitu katika mali yako unamwandikia wasia ndani ya theluthi moja. Kenya nayo iliiingiza kafala katika Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Kwa Bara, Mwislamu anayetaka kulea bila kugusa nasaba anaweza kubaki kwenye malezi ya kambo. Amwambie afisa wazi tangu mwanzo ili karatasi ziandikwe hivyo.

Sasa nikuambie upungufu uko wapi. Mtoto mchanga wa kike, mwenye afya, asiye na ndugu anayejulikana, ana foleni. Kuna wanandoa wamemsubiri miaka. Ukienda ofisini ukasema unataka huyo, utaandikwa mwisho wa orodha. Lakini mvulana wa miaka tisa hana foleni. Ndugu watatu wasiotakiwa kutenganishwa hawana. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hana, na yule anayeishi na VVU hana, ingawa akimeza dawa zake vizuri anasoma, anacheza mpira na anazeeka kama mwanao. Binti wa miaka 14 aliyefanyiwa ukatili nyumbani kwao, naye anahitaji nyumba yenye mlango wenye komeo na mama asiyemuuliza maswali mwezi wa kwanza. Tunaposema kuna uhaba wa familia, tunazungumzia hawa.

Majirani zetu wamepita njia hii. Rwanda ilipoamua mwaka 2012 kuwatoa watoto kwenye nyumba za kulelea, ililazimika kutafuta familia za kujitolea mtaa kwa mtaa, zinazoitwa malayika murinzi, zikafundishwa na kufuatiliwa. Kenya nayo ina mkakati wa miaka kumi, 2022 hadi 2032, wa kuhamisha malezi kutoka taasisi kwenda kwenye familia. Kote huko fundisho limekuwa lilelile: kufunga jengo ni rahisi, ila familia zinatakiwa ziwe zimepatikana kabla ya mlango kufungwa.

Nirudi kwenye hofu yako, ambayo ndiyo sehemu ya barua yako iliyonifanya niseme mnafaa. Unaogopa kumpenda halafu achukuliwe. Ndiyo, anaweza kuchukuliwa. Kwenye malezi ya kambo hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa: inauma. Nimekaa na akina mama waliolia wiki mbili baada ya mtoto kurudi kwa baba yake. Lakini fikiria upande wa pili. Familia ikijizuia kumpenda ili isiumie, mtoto anakaa miaka miwili na watu waliojizuia, na hiyo haina tofauti na zamu za makao. Mtoto aliyewahi kushikamana na mtu mmoja kwa dhati anakwenda na uwezo huo popote atakapokwenda. Hata akihama ataweza kushikamana tena. Katika kuachana huko kuna watu wazima wawili na mtoto mmoja wa kambo. Uchungu wa kuachana ubebwe na wakubwa.

Na kuachana kunaweza kufanywa vizuri. Mtoto asiondolewe kwa gari la halmashauri asubuhi moja bila kuambiwa. Ndugu waanze kumtembelea kwenu, kisha aende kwao Jumamosi arudi, kisha alale siku mbili. Mfungashie nguo zake, shuka alilolizoea, picha zenu, na namba ya simu ya kupiga. Niliwahi kusimamia kurudi kwa msichana mmoja kwa mjomba wake, na ile familia ya kambo ikawa inaalikwa kwenye kipaimara na sherehe zote. Wamekuwa ndugu. Haitokei kila mara. Kuna mjomba atakayekata simu zenu, na hapo hamna la kufanya isipokuwa kumwambia afisa afuatilie.

Kama moyo wako hauwezi kabisa kukubali uwezekano huo, sema hivyo ofisini bila aibu. Maana yake ni kwamba wewe ni wa kuasili, na mtangoja mtoto ambaye uchunguzi wa ndugu zake umekamilika. Ni bora ujijue sasa kuliko kuingia kwenye malezi ya kambo ukiwa na nia ya siri ya kumng'ang'ania. Nimeona familia nzuri sana ikianza kumsema vibaya mama mzazi mbele ya mtoto ili asitake kurudi. Ilimharibu mtoto kuliko umaskini wa mama yake ungeweza kumharibu.

Mumeo na kipato chake. Hakuna anayetafuta matajiri. Afisa akija nyumbani ataangalia kama kuna mlo wa uhakika, kitanda au godoro la mtoto mwenyewe, choo kisafi, shule na zahanati zilizo karibu. Duka la vipuri na mshahara wa ualimu vinatosha kwa hayo. Msitegemee posho ya serikali kila mwezi. Panga bajeti yenu kama haipo kabisa. Ulizeni pia mapema habari ya bima ya afya ya mtoto, maana hapo ndipo familia nyingi hukwama wakati malaria imeshapanda kichwani. Ataongea na nyinyi pamoja, kisha mmoja mmoja, kisha na watoto wenu bila nyinyi kuwepo. Ataongea na majirani na mwenyekiti wa mtaa. Atauliza mkigombana mnagombanaje, na mtoto akikosea mnafanya nini. Usijibu kwamba huwa hamgombani. Hakuna afisa anayeamini.

Kuna jambo atakalolitafuta bila kuwaambia: kama mnatafuta mtoto au mnatafuta mfanyakazi wa bure. Ni aibu yetu kwamba wapo wanaomchukua binti wa miaka 13 "kumsaidia" na kesho yake yuko jikoni saa kumi alfajiri wakati wenye nyumba wamelala. Kazi za nyumbani ni sawa, kama anazofanya binti yako wa miaka 12 na si zaidi. Nilipokuwa kazini, nikikuta mtoto wa kambo anafua sare za wenzake, nilimwondoa.

Kwa mama mkwe usibishane kwa sauti. Nenda naye polepole. Mwulize katika ukoo wao ni watoto wangapi walilelewa na shangazi, na bibi, na jirani aliyekuwa hana mtoto. Pwani mpaka bara, watu wetu wamekuwa wakilea watoto wa wenzao kabla ya ofisi yoyote kuwepo. Anachokiogopa hasa ni kutomjua babu wa mtoto: kama kuna wazimu, kifafa, laana. Mengine ni ya kweli kuuliza. Una haki ya kuelezwa historia ya afya ya mtoto kadiri inavyojulikana, na afisa anayekuficha hakutendei haki. Lakini pia usimkimbilie na ile methali ya mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, kana kwamba malezi yako yatafuta kila kitu. Mtoto wa miaka mitano ana miaka mitano aliyoishi bila wewe. Ana makovu mengine hata yeye hayakumbuki. Mama mkwe akiona mmeingia na macho wazi, pengine atatulia kuliko akiona mmeingia na imani tu. Na kama mnaishi naye nyumba moja, idhini yake si mapambo. Mtoto atajua siku ya kwanza nani hamtaki.

Miezi ya mwanzo iko hivi. Wiki kadhaa anakuwa malaika: anasalimia, anaosha vyombo bila kutumwa, mnaambizana mmebarikiwa. Kisha anaanza kuwapima. Anakojoa kitandani. Anaiba chakula na kukificha chini ya mto: chapati, vipande vya nyama, sukari kwenye mfuko. Anavunja kitu cha mwanao makusudi. Anasema mama yake wa kule alikuwa anapika vizuri zaidi. Anachouliza ni kama mtamrudisha. Usifunge kabati. Weka bakuli la ndizi au karanga mahali anapoweza kufika saa yoyote, mwambie hilo ni lake na likiisha litajazwa, na ulijaze kweli. Familia zilizofanya hivyo ziliniambia mkate ulikoma kuonekana chini ya mto ndani ya miezi michache. Viboko hapa havifai kabisa, hata kama wewe mwenyewe uliongoka kwa viboko kama mnavyopenda kusema. Mtoto aliyepigwa na watu waliotakiwa kumlinda akipigwa na wewe anahitimisha kwamba sasa amekujua.

Wa kuangaliwa zaidi ni mwanao wa miaka 7. Dada yake atajifanya mama mdogo na atafurahia. Yeye alikuwa kitinda mimba, sasa anapata mdogo asiyetoka tumboni mwa mama, anayetumia baiskeli yake. Mpe nusu saa yake peke yake na baba kila siku, na asilazimishwe kugawa kila kitu; vitu vyake vingine vibaki vyake. Ushauri wangu, mtoto atakayekuja awe mdogo kuliko yeye, ili nafasi ya binti kama mkubwa isiguswe na yeye apate cheo cha kaka.

Mtoto aambiwe ukweli tangu mapema, kwa maneno ya umri wake, ikiwa mtaasili. Najua mtaani kwetu wengine huhama mji ili siri isijulikane, na wapo wanawake waliowahi kujifunga kitambaa tumboni miezi tisa. Siri hiyo haikai. Shangazi mmoja akikasirika msibani anaimwaga mbele ya watu, na kijana wa miaka 17 anasimama pale akihesabu wote waliomdanganya. Aliyeambiwa akiwa na miaka minne hana cha kushtuka.

Sasa mwanzo wenyewe. Msianzie kwa msimamizi wa makao, hata akiwa mtu mwema. Hana mamlaka ya kukupa mtoto. Nilipata barua za watu waliokabidhiwa mtoto kwa kuandikishana karatasi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wakaishi naye miaka minne, na kwenye kumtafutia cheti cha kuzaliwa ndipo wakagundua kisheria hawana lolote mkononi; wengine walihojiwa na polisi. Ukiombwa "mchango" ili mtoto atoke haraka, ondoka na utoe taarifa. Namba 116 inapigwa bure kwa jambo lolote linalomhusu mtoto. Ukitumiwa picha ya mtoto kwenye WhatsApp na maneno "anatafuta wazazi," usiisambaze.

Nendeni wewe na mumeo pamoja kwenye ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yenu. Semeni mnataka kuandikishwa, na mtaje ni namna ipi kati ya zile tatu mnaiweza. Kama ningekuwa mimi, ningewaanzisha kama familia ya kuaminika: mtajifunza nyumba yenu inavyobeba mtoto mgeni kabla ya kubeba ahadi ya miaka kumi na tatu. Mtoto wa kanga unaweza kumtaja, ukaeleza ulivyokutana naye, kisha mwachie afisa afuatilie faili lake. Wakati huo msiende kumtembelea kila Jumapili wala kumwambia mtarudi kumchukua.

Bebeni vitambulisho vya taifa, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto wenu, barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa, na hati yako ya mshahara pamoja na leseni ya duka. Mtaongezewa fomu, vipimo vya afya na majina ya wadhamini. Chukueni namba ya simu ya afisa atakayewapokea na mumpigie baada ya wiki mbili kama hajawapigia. Mafaili mengi hulala kwa sababu hakuna aliyeuliza.